Bashi ya Mama Mukwe

Barua ya kutualika ilitoka Ulaya: wachoraji wa inchi nyingi wangeonyesha kazi zao pamoja, juu ya watu wanaohama na namna sanaa inawaunganisha. Siye, wachoraji wanne wa mabango ya Bunia, tulicheka mpaka machozi. Kuhama! Katika vita ya hapa kwetu tulikuwa tumekimbia mara tatu bila hata kutoka mujini. Lakini tulitaka kwenda, hata kama ni picha peke yake itapanda ndege.

Kitambaa cha kuchorea hakikuwepo. Mwenzetu mumoja aliahidi kutuma mutu alete bashi, lile turubai jeupe wanalopewa wakimbizi. Siku ya Mungu asubuhi nikakuta bashi uani kwangu, safi, imetandikwa juani. Nikasema, kumbe mwenzetu ni mutu wa neno! Tukachora mchana kutwa: watu wanakimbia kutoka kijiji cha Bogoro, vichwa chini, nyuma yao nyumba inawaka. Ilikuwa nzuri, nasema bila haya.

Jioni mama mukwe wangu akarudi kutoka kanisani. Bashi ilikuwa yake. Alikimbia kutoka Bogoro nyumba yake ilipochomwa, na kwetu mama mukwe halali chini ya paa moja na mukwe wake, kwa hiyo nilimujengea kibanda cha miti uani. Bashi ndiyo paa lake. Aliifua tu, akaianika.

Wee! Nilitamani udongo unimeze. Tena kwa heshima hatusemeshani uso kwa uso. Maneno yanapitia kwa bibi yangu, binti yake, hata tukiwa hatua tatu.

"Mwambie bwana yako," mama mukwe alisema, "mvua ikinyesha nitajifunika na hawa watu?"

"Mwambie mama, tunaomba pole sana. Ndege iko kesho kutwa."

"Na hawa ni watu wa wapi, mikono mitupu? Mimi nilikimbia na kuku wawili na kinu. Nani anakimbia bila sufuria?"

Majirani wakaja, wote wakimbizi, wote wakajifanya walimu wa kuchora. Shemasi akadai tumuchoree kinga yake, ile baiskeli ya bluu aliyokimbia nayo. Mama mumoja akanishika mukono: "Wakati ule nilikuwa munene. Nirudishie mwili wangu!" Tukaongeza, tukaongeza, mpaka mwenzangu akauliza kama tunachora vita ao soko.

Kesho yake mama mukwe alikuwa bado hajakubali bashi iende. Roho iliniuma kweli. Nikamwambia bibi yangu tuache Ulaya, tumurudishie mama bashi yake.

"Mama ataingia ndani," bibi yangu akajibu. "Weye utalala kibandani."

"Kibanda hakina paa!"

"Ndiyo. Basi hamutakuwa chini ya paa moja."

Mama mukwe hakucheka. Alisimama mbele ya picha, halafu akanisemesha mimi mwenyewe, mara ya kwanza tangu ndoa.

"Hii inawaka ni nyumba yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Zima."

Nikachukua rangi, nikazima moto. Nikaweka paa, nikaweka mulango. Akaniomba dirisha upande wa jikoni, nikaliweka. Aliitazama sana ile nyumba.

"Sasa ipelekeni," alisema. "Walau kule isimame."