Zizi la Kakese

Baba alipima kila kitu kwa ng'ombe. Kaka yangu aliporudi kutoka Dar na mkataba wa kufungua tawi la mgahawa maarufu wa nyama choma, mwenye jina la mgahawa alidai ada, na ada ikaondoka na madume. Mitamba ikaishia kwenye vigae vyeupe, maana mkataba ulitaka vigae. Zikaja friza, jenereta, leseni. Kila mara lori la mnunuzi lilifika kijijini kwetu Kakese, na baba alisimama zizini akihesabu waliobaki. Akabaki na dume moja jeusi.

"Hili la siku yangu," alisema. Tulimwelewa. Kwetu mfugaji hazikwi kwa nyama ya kununua.

Tulifungua mjini, mtaa wa Shanwe. Jengo lilipendeza, sikatai. Lakini mkataba ulikataza kutundika nyama. Ilitoka Dar ikiwa imekatwa, imekolezwa viungo, imeganda kama tofali. Huku kwetu mtu anaingia, anabonyeza paja linaloning'inia, anasema nikatie hapa, ndipo anakaa. Wateja wetu walikuta picha ukutani.

"Nyama yenyewe iko wapi?"

"Iko ndani, karibu ukae."

Hawakukaa. Nani akubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia, katika mji uliojaa mifugo?

Baba alikuja mara moja, kavaa koti lake la Jumapili. "Mwanangu, nikatie mbavuni."

"Hairuhusiwi kuiona, baba," kaka akamjibu. "Ndo mkataba."

"Haya." Akavuka barabara, akaenda kula kwenye banda la jirani. Nilimwona akibonyeza paja. Nilikasirika, na sikujua namkasirikia nani.

Ada ya mwaka wa pili ilipodaiwa, kaka alikwenda Kakese akapiga magoti. Baba alilifungua lile dume mwenyewe. "Chukua. Nikivuna mpunga nitanunua jingine."

Alifariki mpunga ukiwa bado shambani.

Wazee waliokuja msibani walipitia zizini kwanza, kuliona dume la marehemu. Walikuta nyasi. Wakageuka wakaenda kukaa, na hilo liliniumiza kuliko matusi. Kaka akaleta nyama kutoka kwenye friza, tukaichoma, vipande vyote vimelingana.

Wazee walipokea sahani kwa mikono miwili. Mmoja mmoja wakabonyeza nyama kwa kidole, wakaziweka sahani chini.