Moto wa Mwantum na Ukuta wa Chupa

Tangu Mwantum, au Mama Habibu kwa majirani, ahamie Miyuji kutoka Kondoa, moto wake haukuwahi kuzimika. Umbea wake vilevile. Aliyetaka makaa alikuja na kigae cha chungu kilichovunjika, akachotewa, na kabla ya kuondoka akalipa kwa habari: nani kaposwa, nani kafumaniwa. Mlipaji mzuri kupita wote alikuwa Paskazia wa nyumba ya pili, mke wa Gideoni.

Ikaja miaka ya ruksa, kila mtu akaruhusiwa kufanya biashara. Gideoni akaacha ukarani serikalini, akauza mitumba, akanenepa shingo. Akanunua jiko la umeme, kisha akajenga ukuta kati yake na Mwantum na kuchomeka vipande vya chupa juu yake, utadhani anafuga dhahabu.

"Vipande hivi vinaitwa shard, Mama Habibu," alimfundisha kutoka juu ya ngazi. "Hicho kigae chako Waingereza wanakiita sherd. Usije ukavichanganya."

"Nitavichanganyaje, baba? Changu kinaleta jirani, chako kinamfukuza."

Mwezi mzima Mwantum alikaa na moto wake bila habari za Paskazia. Alisikia vicheko ng'ambo ya ukuta asijue anachekwa nani. Adhabu gani hiyo!

Siku wakwe wa Gideoni walipofika kutoka Kibakwe, umeme ukakatika, kuku angali mbichi. Viberiti vipya vya dukani kila kijiti kilitoa cheche moja kikaaga dunia.

"Mama Habibu, shikamoo!" Paskazia akapaza sauti. "Naomba moto!"

"Marahaba, mwanangu. Moto upo. Upite wapi?"

Kufika kwenye geti lao ni kuzunguka mtaa mzima, na kwa upepo ule wa Dodoma makaa yangechoma nyumba za watu. Juu ya ukuta hapakuwa na pa kuweka hata kidole.

"Mkwe," baba mkwe akamuuliza Gideoni kutoka kivulini, "huku mjini mnakula saa ngapi?"

Gideoni akapanda ngazi na nyundo, akavunja tena chupa alizokwisha kuvunja.

"Ongeza, baba," Mwantum akahimiza. "Hapo kitapita kigae tu. Nataka na kichwa kipite."

"Kichwa cha nani?"

"Cha mkeo."

Akagonga, akaguna, akagonga. Kigae kikavuka na makaa mekundu, na Paskazia akakipokea akiwa juu ya ngazi, macho yakimcheka.

"Mama Habibu, shangazi kaja na mume mpya! Kijana kuliko mimi!"

"Weee! Kapike kwanza, mwanangu. Lakini hiyo ngazi isiondoke hapo."