Baridi ya Mama Mkwe

Kosa lilianzia kwenye jina. Daktari aliniambia nina baridi yabisi, nami kwa ujinga wangu nikalibeba jina hilo hadi nyumbani nikalitamka mbele ya mume wangu. Tukuyu hii mvua inanyesha hata siku ambayo haina sababu. Ukisema una ugonjwa wenye neno baridi ndani yake, umekwisha. Mume wangu akampigia simu mama yake kule Kiwira. Kesho yake bodaboda ikamshusha mama mkwe mlangoni na blanketi mbili, sweta tatu na jiko la mkaa. Amekuja kuniuguza wiki moja, alisema. Wiki hiyo ilikuwa na miezi mitatu.

Nisimsingizie, mama yule alinipenda. Alinivika sweta juu ya sweta mpaka nikashindwa kukunja mkono. Alinikataza kugusa maji, kisha akawaeleza wageni kwamba mke wa mwanawe haoshi hata kikombe. Ndizi aliniachia nimenye, ila kila mara alisema nimemenya vibaya. Nikipika alionja, akarudisha mfuniko, na mlio wa mfuniko ule ulinichoma kuliko tusi. Mimi kazi yangu ikawa kusema ndaga mama, yaani asante mama. Yeye alikaa pembeni ya jiko, mikono ndani ya khanga. Dawa nilimeza bila kukosa, na kila asubuhi vidole viliamka vimevimba.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Mwezi wa pili chaki ikaanza kunidondoka, watoto wakaiokota wakicheka, nami nikacheka nao. Niliogopa, jamani. Mwalimu asiyeweza kuandika a, e, i, o, u ubaoni anabaki na nini?

Nikarudi kwa daktari. Mama mkwe akanisindikiza, akaingia nami ndani, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa. Mimi nikasimama. Daktari akatueleza wote wawili kwamba baridi ni jina tu. Ugonjwa wenyewe ni kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo, na msongo wa mawazo unaweza kuuchochea hata mtu akiwa anameza dawa. Vidole vikiendelea kuvimba hivi, alisema, vinaweza kupinda visinyooke tena. Kisha akanitazama.

"Nyumbani una mawazo yoyote?"

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akajibu kwamba sina, na ningeyatoa wapi wakati kila kitu nafanyiwa. Daktari akasema ananiuliza mimi. Nikavitazama vidole vyangu. Nikamtazama mama, na sweta yake niliyovaa.

"Sina," nikasema.

Tulipotoka mvua ilikuwa imekolea, tukajibanza barazani. Nilijichukia kwa ile sina. Mama akatoa mikono kutoka ndani ya khanga. Vidole vyote vilikuwa vimepinda, vimelalia upande mmoja. Miezi mitatu nilikuwa nahesabu maneno yake, vidole vyake sikuwahi kuvitazama.

"Hata mimi niliulizwa hivyo, mwanangu," akasema. "Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye kiti."

Akanigeuza kwa kiwiko, akanisukuma taratibu kuelekea mlangoni kwa daktari. Yeye akabaki barazani. Nikaingia peke yangu, nikavua sweta ya juu, nikakaa kwenye kiti cha mgonjwa.