Mejumaa wa Kwenye Blogu

Chirau na mkewe Mejumaa walikuwa wamepanga vyumba viwili vya ghorofani, Kibokoni. Mume alikuwa karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, mke akifundisha watoto wa chekechea Tononoka. Mtoto wao wenyewe hawakujaliwa. Walijaliwa kicheko, na hicho wakakifungulia blogu.

Kila Ijumaa alasiri Mejumaa alisimulia huku akisukuma mahamri, naye Chirau akaandika kwenye simu. Waliandika habari ya siku ile Chirau alipovaa kanzu ndani nje, akapeana mikono na nusu ya msikiti na asipatikane hata mmoja wa kumwambia. Waliandika pia alivyomnunulia mkwewe doti ya kanga pasi na kusoma jina lake, yale maneno yaliyochapwa kwenye upindo. Mama alipoikunjua mbele ya wageni, ikasomeka: Mdomo uliponza kichwa. Alinuna mwezi mzima.

Mejumaa alikuwa na sharti moja tu. "Usitie chumvi, mume wangu. Yetu yatosha."

Mwezi wa Shaabani akaanguka darasani. Kiharusi. Aliporudishwa nyumbani baada ya wiki tatu, upande wa kulia ulikuwa umekufa na ulimi hautoi neno. Kabla ya kumruhusu, daktari alikuwa amesema akili i salama, anasikia na kufahamu yote. Chirau alipolisikia hilo alitoka nje ya wodi akalia.

Mwanaesha, dada yake Mejumaa, akahamia pale kumuuguza. Huku nyuma wasomaji wakawa wanauliza: mbona kimya? Chirau hakuwa na moyo wa kuwaeleza. Ijumaa moja akabuni kisa: ati Mejumaa amebishana bei na muuza samaki hata yule bwana akampa samaki wote pamoja na kikapu, bora aondoke. Watu walicheka kuliko siku zote. Ijumaa iliyofuata akabuni kingine. Kwenye blogu Mejumaa akawa msemaji kuliko alivyopata kuwa.

Ijumaa ya tano ya kubuni, Chirau aliketi ukingoni mwa kitanda akamsomea mkewe, akitumai midomo ile itacheza japo kidogo. Mejumaa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaugeuzia ukuta uso, na bega lake la kushoto likaanza kutikisika.

Mwanaesha aliweka chini bakuli la uji. "Shemeji, huyo unayemwandika ni nani?"

"Ni Mejumaa."

"Mejumaa ndiye huyu. Huyo wako ni mke mwingine, tena umemleta humu humu ndani, mwenzake akisikia."

Chirau alimshika mkewe mkono wa kushoto, akaomba radhi. Mkono ule ulitulia ndani ya wake, haukumfinya wala haukujitoa.

Alasiri ile ile alifuta visa vyote vitano, akaandika mistari miwili: Mejumaa amepata kiharusi. Hasemi tena. Akangoja, na kwa mara ya kwanza tangu Shaabani kifua chake kikawa chepesi, maana sasa angalau watu watajua, watawaombea.

Maoni ya kwanza yalifika kabla ya adhana ya magharibi. "Mejumaa kunyamaza? Hata mkimfunga mdomo kwa kamba!" Wa pili akaandika kwamba amecheka hadi mbavu zinamuuma. Wa tatu, wa nne, wote vivyo hivyo. Mmoja aliuliza mzaha huu utaendelea lini.

Chirau alianza kuandika jibu, akalifuta. Akaanza tena. Neno "kweli", alipolitazama pale kwenye kioo cha simu, nalo lilionekana kama utani.

"Wanasemaje?" Mwanaesha akauliza.

"Wanampa pole."

Kitandani Mejumaa alikuwa amemkazia macho. Alijua mumewe anadanganya, kwa miaka kumi na minne ya ndoa hakupata kumdanganya asimjue. Chirau alichukua kijiko, akamlisha uji. Nusu yake ilishuka pembeni mwa mdomo, akaifuta kwa upindo wa kanga, akamlisha tena.