Pontien, Mlinzi wa Simu

Pontien, mkulima wa maharage kule Juru, alishuka hadi Mbarara kumnunulia bintiye Sonia simu, eti asome kwenye intaneti. Muhula ukaisha, Sonia akawa wa thelathini na nane kati ya wanafunzi arobaini. Pontien alifoka, akamnyang'anya simu na kuapa kuilinda mwenyewe.

Aliilinda kweli! Kutwa nzima alikodolea macho video za watu wanaoteleza na kuanguka, akicheka peke yake, jembe limelala kando.

Muhula uliofuata Sonia akawa wa nne. Kwenye mkutano wa wazazi, Pontien alisimama kifua mbele akawahubiria wenzake malezi.

“Na maharage ya chakula cha wanafunzi, mzee, mbona hujaleta?” mwalimu akauliza.

Sonia, aliyeketi kando ya babake, akamjibia: “Hatukuvuna, mwalimu. Papa alikuwa anasoma kwenye intaneti.”