Swala Aliyeokolewa na Jina Lake

Kach. Mlio wa bunduki ikikokiwa kwenye ukimya wa mlimani, naukumbuka hadi leo, mwanangu. Ndiyo, nakuita mwanangu ingawa sijafika hata thelathini. Huku Al Rayyan wasichana wa kwetu wananiita Shosho, yaani bibi, kwa kuwa nimekaa Doha kuwashinda, na cheo nimekikubali.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi za nyumbani hapa nilikuwa kama bubu. Kila nilichoambiwa nilijibu "tayib", yaani sawa, nikanyamaza, vile unavyofanya sasa wewe uliyefika juzi. Basi majira ya baridi familia ikasafiri nchi ya milima, mbali sana, Baba mwenye nyumba akawinde kulungu. Mimi nilipelekwa nimshike mkono mama yake, bibi tuliyemwita Mama Kabira, ambaye alitaka tu kutazama wanyama kwa darubini.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho ya msimu. Baba alikuwa amewaahidi watoto wake pembe, na mpaka hapo hajaona hata mkia. Mama Kabira, macho yamechoka, akaniambia nikiona chochote nimwambie.

Nikamwona. Dume zuri, amesimama kwenye theluji chini yetu, anatafuna gome la mti bila wasiwasi. Kiarabu chote kikanitoka kichwani. Nikanong'ona, "Swala! Swala!"

Baba alikuwa amekoki bunduki, anatazama upande mwingine. Akashtuka, akaangalia saa. Masikioni mwake nilikuwa nimemwita kwenye sala, na kweli adhuhuri ilikuwa imeingia. Akailaza bunduki chini.

"Mama, unaona? Mkristo ndiye ananikumbusha," akasema kwa aibu, akaanza kutawadha kwa maji ya chupa.

Nikainua mkono nimwonyeshe mnyama. Mama Kabira akaukamata, akaushusha polepole.

"Mwache mwanangu asali," akasema, darubini machoni, anatabasamu.

Baba alipomaliza, dume alishapanda mlima zamani. Akaziona nyayo kwenye theluji. Akanigeukia.

"Ulisema nini hasa?"

Hapo niliiona tiketi ya kurudi Nairobi. Nikaokoteza Kiarabu changu kibovu, nikamweleza kwamba kwetu mnyama yule ndiye swala.

Akanitazama weee. "Mnyama wenu anaitwa Sala?"

"Ndiyo, Baba."

"Na mbuzi je, anaitwa Saumu?"

Mama Kabira alicheka mpaka chai ikamwagika. Tangu siku hiyo kila mlo walinifundisha neno, nami nikawafundisha langu. Na nikuambie, yule kwa haki ni kulungu. Ningelijua jina lake vizuri, angelikuwa nyama.

Kwa hiyo, mwanangu, usijifungie mdomo kwa kuogopa kukosea. Sema vibaya, wakucheke, ucheke nao. Wakikuuliza ulitaka kusema nini, waambie ukweli. Ukinyamaza, nani atajua akusaidie wapi? Mungu akulegeze ulimi, akujalie nyumba yenye watu wa kucheka nao, na siku ya kurudi kwenu urudi na hadithi nyingi kuliko mizigo.

Mimi jioni ile, wenzangu wakipakia gari, niliteremka peke yangu hadi pale aliposimama. Nikavua glavu, nikaweka kiganja juu ya alama ya ukwato wake, halafu nikamuaga kwa sauti, kwa Kiarabu, bila mtu kuniuliza: "Maa salama."