Vifaranga wa Manjano wa Mama Tatu

Mwanangu, naikumbuka siku niliyomwita mtu mwizi, naye hakuwa ameiba kitu.

Nilikuwa kijana, nafuga kware kwangu Bangwe: dume mmoja na majike watatu, ndugu wa baba na mama mmoja, wote rangi ya kahawia yenye michirizi. Mashine ya kutotolesha sikuwa nayo. Mayai nilimpelekea Mama Tatu, mjane wa Katubuka aliyewatotoleshea wafugaji wengi. Ndiyo iliyokuwa riziki yake.

Nilipokwenda kuchukua vifaranga, wengi walifanana na wazazi wao. Sita walikuwa wa manjano.

"Umenibadilishia mayai!" nikasema, wateja wake wakisikia.

"Mayai yako niliyatia alama ya mkaa, baba. Ni hayo hayo."

"Mwizi mkubwa wewe!"

Mwezi haukuisha, wateja wakaanza kumkwepa.

Jirani yangu Mzee Ruhoro, bwana mifugo mstaafu, akaniita. "Ulimuuliza, au ulimhukumu?"

Nikamsimulia habari ya wale sita wa manjano.

"Kifaranga hurithi rangi kwa baba na kwa mama," akasema. "Kahawia ikikutana na nyeupe, huifunika, usiione. Ndege wako ni ndugu. Huenda wote wameificha nyeupe. Kifaranga akiipata kwa baba na kwa mama, huanguliwa wa manjano, na akikua huota manyoya meupe. Huniamini? Mwekee mayai yao kuku wako mdogo anayeatamia, uone."

Nikafanya hivyo. Kuku akaangua kware, na watatu walikuwa wa manjano. Mashine ya Mama Tatu haikuwa karibu.

Nikarudi Katubuka siku yenye wateja wengi, nikampa shikamoo, nikakiri kosa langu kwa sauti ile ile niliyomtukania.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila mayai yako peleka kwingine."

Baadhi ya wateja walimrudia. Wengine hawakumrudia maisha yake yote. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Msamaha nilipata, jina lake sikuweza kulirudisha lote.

Basi shika hili. Ukiona usilolielewa, uliza kwanza. Kuuliza si ujinga. Na hata mtoto akizaliwa na sura usiyoitambua, usikimbilie kumtia mama yake aibuni, kwani damu hubeba mengi yasiyoonekana. Ukikosea hadharani, tubu hadharani.

Mungu akupe ulimi mzito wa kulaumu na mwepesi wa kuomba radhi, na nyumba yako aijaze heri.